Kuingia Mwezini

Issát aliingia kliniki bila kubisha,
theluji ikimdondoka mabegani,
Runne nyuma yake, mkimya kama mdaiwa.
"Miezi ishirini," akasema,
"na hajaingia mwezini."

Ilikuwa Desemba, Kautokeino.
Jua lilikuwa limeshatuaga;
mwezi ndio uliobaki, mpevu, mkaidi,
ukizunguka juu ya vilima usiku na mchana bila kuchwa.
Mwezi tele nje.
Ndani ya yule jike, hakuna.

Nilimpima. Meno safi, manyoya yanang'aa,
tezi ya shingo haina neno,
mji wa mimba kimya, mji uliohamwa.
Haumwi, nikasema. Amechelewa tu.
"Nina miaka sabini na minne," akajibu,
"kuchelewa nakujua."

Alichokitaka kilikuwa kwenye tangi huko kusini:
mirija sita ya mbegu, katika baridi inayoicheka baridi yetu,
mbegu za Čáhppe, dume jeusi
aliyelelewa na Risten kwa chupa, jikoni,
mwaka ule kabla Risten hajaanza kukohoa.
La Risten hakuniambia yeye.
Huku kila mtu anajua mbwa wa kila mtu.

Nikamwandikia vidonge.
Nusu asubuhi, nusu jioni, ndani ya siagi.
Vinapanda kichwani, nikaeleza,
kwenye tezi ndogo kama punje ya shayiri,
vinainyamazisha homoni ya maziwa,
ile inayouambia mwili: tulia, bado unalea.
"Hana anayemlea," akasema Issát.
Ndiyo. Lakini mwili haujui kuhesabu.

Siku ya tatu, simu: anatapika.
Mpe akishakula.
Siku ya tisa: siagi anailamba, kidonge anakitema chini ya meza.
Kifiche ndani ya ulimi wa kulungu.
Kisha kimya, nikadhani amekata tamaa.
Siku ya kumi na tisa, saa tisa usiku:
"Tone moja," akanong'ona, kana kwamba angelishtua.
"Jekundu. Kwenye theluji, karibu na sleji."

Tukawa watu wa kuhesabu.
Damu kila baada ya siku mbili, ikipanda basi la Alta
pamoja na barua na viatu vya watu,
projesteroni ikirudi kwa tarakimu:
bado.
Bado.
Bado kidogo.
Leo.

Mrija mmoja nikauyeyusha katika maji ya vuguvugu,
tone nikaliweka chini ya hadubini.
Mikia, michache, ikiamka,
ya mbwa aliyezikwa miaka minne iliyopita.
Nikamwita Issát aone.
Aliinama pale hadi mgongo wake ukalia.
"Wanakata kushoto," akasema. "Kama yeye."

Wiki ya nne, kwenye ultrasaundi, moyo mmoja.
Nilitegemea mitano, minne basi.
Yeye akavaa kofia, akavua kofia, ndipo akatoboa:

"Usiku sita Runne alilala kwa Biret Inga.
Mimi nilikuwa juu na kundi.
Jike wa Biret Inga alikuwa kwenye joto.
Mama yangu alifanya hivyo, akimlaza jike na jike,
mmoja anamwamsha mwenziwe.
Sasa ni lipi, daktari?
Kidonge chako, au blanketi la Biret Inga?"

Nimesoma miaka sita.
Kwenye fomu kuna mstari mmoja: tiba iliyofaulu.
Nikauacha mweupe, nao ukanitazama wiki nzima.

Machi, jua limerudi na kutuumiza macho,
simu ikalia. Hakunisalimu.
Nilisikia ulimi ukilamba, ukilamba,
na kitu kidogo kikigombana na njaa yake ya kwanza.
"Jike," akasema hatimaye.
Akakohoa, akarudi kuwa Issát:
"Bili utanitumia lini?"
Nusu nitakutumia, nikasema.
Nusu kamlipe Biret Inga.